Boti Haianguki

Mchora mabango yule watu walimwita Koma, na haikujulikana kama walimaanisha ile alama ya uandishi au walikuwa wanamwamuru anyamaze. Yeye aliamini ni alama. Mtaa mzima hapakuwa na kibao cha kinyozi wala cha fundi cherehani alichokipita bila kusimama kutafuta kosa, na akilipata huingia ndani kulitangaza. Wateja walimpenda kwa mwandiko wake. Mengine walimvumilia.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mama mkwe wake, mjane aliyehamia kwao kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe. Akitaka kutaja umri wa mdogo wake husema, "Huyo alizaliwa mwaka ule boti ilipoanguka."

"Ilipozama, mama," Koma husema bila kuinua macho kwenye sahani. "Boti haianguki. Boti inazama."

"Haya, baba. Ilipozama."

Mwishowe bibi alizoea, akawa anasema "ilipozama" hata Koma asipokuwepo. Ukila kwa mkwe, unakula na sarufi yake.

Sasa, Koma alikuwa na ugonjwa wa pili, nao ni ndege ya babu. Wakati wa vita, ziwani kulikuwa na ndege za jeshi zilizotua juu ya maji, na babu yake mzaa mama alikuwa kuli wa gatini, kazi yake kuzifunga kamba zikifika. Siku moja ndege iliondoka ikapotea, na babu akapotea siku hiyohiyo. Jeshi likasema ndege imelala kilindini, katikati ya ziwa, na kwamba hapakuwa na mwenyeji ndani. Majirani wakapiga hesabu zao upesi: mtu kaonekana anaelekea gatini na kifurushi, hakurudi, na ndegeni hakuwemo. Basi kamtoroka mke, ana mji mwingine huko. Mkewe alikataa mpaka anaingia kaburini. Mtoto wao, aliyeachwa akiwa wa kubebwa mgongoni, alikua akiitwa Binti Mtoro, shuleni, kisimani, hata siku ya harusi yake.

Huyo Binti Mtoro ndiye mama yake Koma. Sasa alikuwa kikongwe anayekaa kwa mwanawe, magoti yamegoma, na alikuwa na ombi moja tu. "Nisife na jina hili," alisema.

Kwa hiyo kila Koma alipokosa kazi alipanda kivuko, akazunguka vijiji vya pwani ya ziwa akiuliza wazee kama waliwahi kuona ndege ikianguka. Wengi walisema hapana. Mzee mmoja alisema ndiyo, akasimulia kwa kirefu, mpaka ikabainika anamzungumzia korongo.

"Nimesema ikianguka, mzee wangu. Sikusema akianguka."

"Kuanguka ni kuanguka," mzee akamjibu, akaendelea na korongo wake.

Aliyemfungia chakula cha safari alikuwa mama mkwe. Akirudi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuuliza.

"Ndege bado, baba?"

"Bado, mama."

"Mungu atasaidia," bibi alisema, akaenda kumtengea maji ya kuoga.

Asubuhi moja Koma alikuwa uani anapaka kibao cha duka la magodoro. Wale mama wawili walikaa mlangoni pa jiko wakichagua mchele.

"Mdogo wangu kapiga simu," alisema mama mkwe. "Mgongo. Na wala si mzee kihivyo, kazaliwa mwaka ule boti ilipoanguka."

Ulimi ulikuwa umemteleza. Koma alifungua kinywa kusahihisha, lakini tone la rangi lilikuwa linataka kushuka kutoka kwenye herufi G, akaona alishughulikie hilo kwanza. Katika nafasi hiyo ndogo mama yake akauliza swali ambalo nyumba ile haikuwahi kuliuliza.

"Ilianguka kutoka wapi, mkwe mwenzangu?"

"Kutoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu mawinguni! Kwani vitu huanguka kutoka wapi?"

Tone likashuka mpaka chini ya kibao. Koma hakuliona.

"Mama," alisema, "hiyo si ndege?"

"Ndege nazijua, baba, zina magurudumu. Ile ilikuwa na tumbo la boti, ina kamba, ina nanga."

"Na mabawa?"

"Mabawa ilikuwa nayo."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilikuambia. Ukasema imezama."

Koma alitazama brashi yake. Aliyeendelea kuuliza ni mama yake, taratibu, kana kwamba anaogopa kuangusha kitu. "Na waliokuwemo?"

"Walikufa wote. Marehemu baba na wenzake waliwazika kando ya matete. Walikuwa wageni, na mmoja mwenyeji. Huyo sisi watoto tulimcheka, Mungu atusamehe. Kiatu kimoja kikubwa, kingine kidogo. Baba akatuchapa, akasema maiti hachekwi."

Mama yake Koma aliusukuma ungo pembeni. Aliinuka kwa kujishika ukutani, akaingia chumbani, akatoka na viatu viwili vikavu vilivyokunjamana. Koma alivijua tangu utotoni. Babu alizaliwa na mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, kwa hiyo alikuwa na jozi mbili za ukubwa tofauti, akivaa kimoja cha jozi hii na kimoja cha jozi ile. Vilivyobaki havikumfaa mtu, na mkewe alikataa kuvitupa.

Mama mkwe alivigeuza mikononi. "Hapana," alisema. "Cha yule, kikubwa kilikuwa cha kulia. Hapa kikubwa ni cha kushoto."

"Ndiyo. Cha kulia aliondoka nacho."

Kisha mama yake Koma akalia, kilio cha sauti, mtu mzima vile, na mama mkwe akamshika akalia naye. Koma aliiweka brashi chini, akaenda kuulizia kivuko.

Walivuka ziwa wote watatu, mpaka kijijini kwa mama mkwe. Matete yalikwisha kukatwa zamani, pakawa mashamba ya maharage. Koma alipita juu ya daraja la bati lililolazwa mtaroni, akauliza ndege iko wapi, na mwenye shamba akamwambia ameshaikanyaga. Makaburi yalikuwa pembeni, yamepangiwa mawe. Kwa nini babu alipandishwa ndegeni siku ile, hakuna aliyebaki wa kueleza.

Safari iliyofuata Koma alibeba kibao. Kabla ya kukipaka alimwendea mama mkwe na maneno yake kwenye karatasi. Bibi hakujua kusoma, akasomewa, akasema ni sawa.

Walipomaliza kukichimbia, mama yake akasema, "Soma."

Koma akasoma jina la babu, halafu, "Alifariki hapa kazini, boti ilipoanguka."

"Tena."

Akasoma tena. Mpita njia mmoja, kijana nadhifu mwenye kalamu mfukoni, alisimama, akakitazama kibao, akatikisa kichwa.

"Samahani, wazee wangu. Hapo pana kosa. Boti haianguki, boti inazama."

Koma alivuta pumzi, lakini mama yake alimtangulia.

"Hii ilianguka, mwanangu," alisema. "Baba yangu alikuwemo."