Hezron Baada ya Kufungiwa Leseni

Hezron Nzunda alijifunza gari kwa kupigwa. Alitoka kwao Igamba, kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, akiwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, akawa utingo wa Fuso lililobeba mahindi kutoka Momba kuja Tunduma. Dereva wake, mzee mmoja aliyeitwa Samwel, hakuwa mtu wa maneno. Kijana akiingiza gia vibaya, ngumi ilimtua shavuni kabla mkwaruzo haujaisha. Akisahau kutazama kioo cha pembeni, kofi. Akizima gari mlimani alishushwa, akatandikwa mkanda mbele ya watu waliokaa juu ya magunia, kisha akarudishwa kwenye usukani na machozi yake na kuambiwa awashe upya. Alipokabidhiwa gari la kuendesha mwenyewe, Hezron alikuwa akiendesha vizuri kuliko madereva wengi wa Tunduma, lakini hakujua namna nyingine ya kumwelewesha mtu jambo isipokuwa kwa mkono.

Foleni ya malori ya mpakani ilimfaa. Pale watu husubiri mpaka akili zinachemka, na anayechomekea gari mbele ya mwenzake hukutana na mwenzake chini. Hezron alishuka mara nyingi. Alimng'oa jino dereva mmoja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akamvunja kidole wakala wa forodha aliyemnyooshea kidole hicho, na yeye mwenyewe akachanwa paji la uso kwa chupa. Madereva wakampa jina la Nyundo, naye akalipenda.

Nyumbani alikuwa vilevile, kwa muda. Alimwoa Ikupa, binti wa Ikinga kule Ileje, na katika mwaka wa pili wa ndoa akampiga hadi mdomo ukapasuka, kwa ajili ya mboga iliyozidi chumvi. Ikupa hakubishana naye. Alifunga kanga, akapanda gari, akaenda kwao. Baada ya siku chache kaka zake watatu walifika Tunduma, wakamwamkia Hezron kwa heshima, wakakaa, wakanywa chai. Walipomaliza, mmoja akafunga mlango, wakampiga polepole kama watu wanaopura maharage, mpaka akashindwa kunyanyuka. Yule mkubwa akainama na kumwambia, "Shemeji, tukija tena hatutakunywa chai."

Ikupa alirudi, na tangu hapo Hezron hakumpiga tena. Hasira yake yote akaihamishia barabarani.

Siku iliyomharibia ilikuwa ya jua kali, mchana kweupe. Malori yalikuwa yamejipanga kutokea Mpemba, na Hezron, akiwa na magunia nyuma, alichoka kukaa. Akatoka kwenye mstari, akaweka mkono kwenye honi, akapita upande wa magari yanayokuja. Alipita lori la kwanza na la pili, na la tatu, na kila dereva aliyemtukana alimwongezea mwendo. Deus, kijana wa bodaboda, alikuwa anakuja upande wake halali na kapu la vitunguu limefungwa nyuma ya pikipiki. Hakuwa na pa kukwepea. Fuso lilimchukua yeye na pikipiki yake, likawaburuta, na lilipokuja kusimama Hezron alishuka akaona mguu wenye kiatu ukitokeza kati ya matairi ya nyuma, na vitunguu vimetapakaa barabarani vikikanyagwa na watu waliokuwa wanakimbia kuja. Alikimbilia kituo cha polisi kabla hawajamfikia.

Mahakamani Vwawa alikiri kosa, maana hapakuwa na cha kukana. Hakimu alimpa faini au kifungo, na baba yake akauza kahawa ya msimu mzima kumwokoa na kifungo. Lakini lilikuwepo jambo la pili katika hukumu, nalo ndilo lililomkaba: alifungiwa leseni miaka mitatu, asiguse usukani wa gari lolote barabarani. Karani alipoichukua ile leseni mkononi mwake, Hezron alihisi kama amevuliwa nguo. Mjane wa Deus, Leah, alikuwa amekaa benchi la nyuma na binti yake Rozi mapajani. Hezron alipita mbele yao bila kuwatazama. Kichwani mwake alikuwa amekwisha kulipa.

Mwenye gari hakumfukuza, ila alimrudisha alikoanzia. Akawa utingo, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, chini ya Clever, kijana ambaye Hezron mwenyewe alimfundisha kazi, kwa ngumi zilezile alizofundishwa nazo. Clever alimwita mzee na kumpa kiti cha kushoto, na Hezron akakaa pale akisaga meno. Kila gia iliyochelewa ilimuuma. Kila lori lililowapita aliliona kama tusi. Walipokuwa wanashuka kutoka Isongole siku moja, barabara tupu, hakuna askari, alimwambia Clever maneno mawili tu: simamisha, shuka. Clever alimtazama mikono, akakumbuka, akashuka. Wakabadilishana viti.

Mwanzoni ilikuwa huko Ileje tu. Kisha ikawa hadi Mpemba. Kisha akaacha kubadilishana viti kabisa, akawa anaingia Tunduma mwenyewe na kiwiko nje ya dirisha, na madereva wenzake wakimpigia honi. Ikupa alipojua alimsihi aache, akamkumbusha jela. Hezron alimjibu kwamba jela ndiyo ile ya kiti cha kushoto.

Leah alikuwa anauza viazi na ndizi za kukaanga kando ya barabara, Mpemba, karibu na tuta. Alimwona mara ya kwanza akadhani amefananisha. Mara ya pili alikwenda polisi, akaambiwa wataliangalia. Mara ya tatu Hezron alikuwa amesimama kununua maji, injini ikinguruma, na Leah akavuka barabara na kumjia dirishani. Hakupandisha sauti. Alimsalimia, akamuuliza, "Baba, wewe si ulifungiwa?"

Hezron alimtambua. Moyo ulimpiga, na kama kawaida yake mapigo yale yaligeuka hasira kabla hajajua yametoka wapi.

"Nenda kauze viazi vyako," alimwambia, akaondoa gari kwa kishindo hata ikambidi Leah aruke nyuma.

Juma lililofuata Hezron alipita tena pale asubuhi, gari limejaa mahindi. Alipunguza mwendo kwenye tuta. Leah alitokea katikati ya barabara, upande wa dereva, na nusu ya tofali la kuchoma mikononi, akalirusha kwa nguvu zake zote. Dirisha lilikuwa wazi. Tofali lilimpata Hezron usoni, juu ya shavu la kulia.

Hakusikia maumivu kwanza. Alisikia mlio kama wa kuni kavu ikipasuliwa, kisha upande mmoja wa dunia ukazimika. Gari lilipanda tuta likaanza kuelekea mtaroni, kwenye vibanda, na watu wakatawanyika. Clever aliruka akavuta breki ya mkono, akaushika usukani kwa mkono mwingine, na Fuso likaganda na tairi moja likining'inia juu ya mtaro.

Kama Hezron angebaki kwenye kiti, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini aliokota spana ya kufungulia matairi, akashuka, damu inamwagika hadi kwenye mkanda wa suruali, na jicho lililobaki likamwona Leah amesimama palepale, hajakimbia. Akamwendea. Leah aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na spana ikatua juu yake. Mfupa ulivunjika. Akainua spana mara ya pili.

Hakuishusha. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekwisha kufika, na wengi wao ndio waliombeba Deus kwenda kumzika. Mmoja alimgonga Hezron kisogoni kwa kofia ya pikipiki. Alipoanguka walimpiga mateke ya mbavu, wakamkanyaga vidole kimoja kimoja, wakampiga kwa mnyororo. Alijaribu kutambaa chini ya gari lake, wakamvuta miguu. Clever alisimama kando ameshika kichwa. Hakuthubutu kuingia, na baadaye alikiri kwamba hakujua kama alitaka kuingia. Kisha Hezron akasikia kijana mmoja akiagiza petroli iletwe. Haikuwa sauti ya hasira. Alisema kama anayeagiza soda. Hapo ndipo Hezron alipojikojolea.

Aliyemtoa ni mtu asiyemjua, dereva wa Zambia aliyeitwa Watson, aliyekuwa amekwama nyuma yao na trela lake la shaba. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura. Aliingia katikati ya kundi akiwasukuma kwa kifua, akirudiarudia, "Lekeni, lekeni," kwa Kibemba, yaani acheni, na vijana waliojua lugha ya ng'ambo na wasioijua wakasita kidogo kumshangaa. Kidogo hicho kikatosha. Alimkwida Hezron kwapani, akamtupia ndani ya lori lake kama gunia, akafunga milango. Mawe yalipasua kioo cha mbele. Watson aliendesha akiwa ametoa kichwa nje ili aone njia, na hakusimama mpaka kwenye geti la kituo cha polisi. Njia nzima Hezron, amelala sakafuni miguuni pa mtu yule, alikuwa anatema meno yake moja moja.

Jicho la kulia lilitolewa hospitalini Mbeya. Mbavu ziliunga, vidole viwili havikunyooka tena. Alipopata nguvu ya kusimama alipelekwa mahakamani kwa makosa mawili, la kuendesha akiwa amefungiwa na la kumjeruhi Leah. Naye Leah alishitakiwa kwa kumjeruhi yeye. Wale vijana wa bodaboda hakuna aliyewataja. Hezron alipoulizwa alisema hakuwaona vizuri, na hilo lilikuwa kweli.

Asubuhi ile waliwekwa kwenye benchi moja nje ya chumba cha mahakama, askari wa kike kati yao. Mkono wa Leah ulikuwa kwenye hogo la plasta, umefungwa shingoni kwa kitambaa cha kanga. Walikaa muda mrefu. Askari alipoinuka kuongea na karani, Leah alisema bila kugeuka, "Jicho halikupona?"

"Walilitoa."

Watu walipita, wakawatazama, wakaendelea na shughuli zao.

"Sikulenga jicho," Leah alisema. "Nililenga wewe."

Hezron akatazama vidole vyake vilivyopinda.

"Ulinijia kwa adabu siku ile," alisema mwishowe. "Ungekuja na tofali siku ile ningeelewa. Ulikuja na adabu."

"Na ukanijibu nikauze viazi."

"Nilikujibu hivyo."

Askari akarudi akakaa kati yao, na mazungumzo yao yakaishia hapo. Ndiyo maneno pekee waliyowahi kusemezana kwa utulivu.

Hakimu alimuuliza Hezron sababu ya kukaidi amri ya mahakama. Hezron alisema hajui kazi nyingine. Hakimu akafungua faili la zamani, akalisoma kidogo, akamwambia kwamba marehemu naye alikuwa anajua kazi moja tu. Akampa miaka miwili kwa makosa yote, na amri ya kutopewa leseni ikaongezwa. Leah alipewa kifungo cha nje. Alipotajiwa hukumu yake alikaa kitako sakafuni akalia kwa sauti, mara ya kwanza mbele za watu tangu maziko, na Rozi akamshika ule mkono mzima akijaribu kumnyanyua.

Gerezani Hezron alipigana mara moja tu. Mfungwa mmoja aligundua upande wake usioona, akawa anamjia kwa huko na kumzaba makofi ya mchezo, wenzake wakicheka. Siku ya tatu Hezron alimkamata koo. Askari waliwatenganisha kwa virungu, na katika virungu vile Hezron alianguka akajikunja, mikono kichwani, akawa analia kama mtoto na kusema leta petroli, leta petroli. Wafungwa wakaacha kucheka. Hakuna aliyemgusa tena mpaka alipotoka.

Sasa anaishi Igamba, kwenye shamba la baba yake, pamoja na Ikupa na watoto wao. Anachuma kahawa, anamenya, anageuza mbegu kwenye vichanja. Gari la mdogo wake Lusubilo hulala uani, na wageni wasiomjua humuuliza kama anaweza kulisogeza kidogo. Huwaambia wamsubiri mwenyewe.

Kuna siku, katika msimu wa kwanza, Ikupa alimletea uji shambani akapitia kulia kwake, upande asioona, taratibu, bila Hezron kujua. Hezron aligeuka na ngumi. Ilimpata begani, bakuli likaruka, uji wa moto ukamwunguza mkono. Wote wawili wakabaki wamesimama. Ikupa alimwona uso umemwishia damu, akajua kwamba safari hii haikuwa hasira.

"Ni mimi," alimwambia. "Hezron, ni mimi."

Hezron alikaa chini ya mibuni na hakuendelea na kazi siku ile. Jioni aliwaita watoto, akawaeleza mwenyewe, kwa maneno machache yaliyomtoka kwa shida, kwamba wasimjie kimya kimya upande ule, kwa kuwa mikono yake inatangulia kabla hajaona ni nani. Tangu hapo, bintiye mdogo Erica akitoka shule huanza kumwita tangu njiani, kabla hajauvuka mfereji, "Baba, nakuja kulia kwako, ni Erica," na huendelea kuita hivyo mpaka asikie baba ameitika.