Nilivyokikata Kikwembe cha Mama

Bibi arusi wangu wa kwanza alikuwa mdogo wangu mwenyewe. Nimevalisha mabibi arusi wengi tangu hapo, na sijashona gauni lililolishinda lile. Najua ninachosema. Nina diploma ya ukataji na ushonaji niliyoipata Lubumbashi. Nilikwenda huko msichana mwenye sanduku la mbao, nikarudi na mashini yangu ya kushonea. Minerval, yaani karo ya shule, ya miaka yote nilijilipia, kwa kushona sare za wanafunzi wenzangu waliolipiwa na baba zao. Katika mtaa wetu wa Kalemie hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa na karatasi kama ile, yenye muhuri na picha.

Nilirudi miezi mitatu baada ya mama kufa. Barua ilichelewa njiani, ikanifikia asubuhi ya mtihani wa mwisho. Niliisoma, nikaikunja, nikaingia darasani nikachora mkono wa gauni wenye marinda saba. Nilikuwa wa kwanza. Nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yameisha zamani. Majirani walikuja kunisalimu na kunitazama usoni, wakingoja nilie. Sikulia. Sikuwa najizuia, maana hapakuwa na kitu cha kuzuia.

Arusi ya mdogo wangu ilikuwa imepangwa na mama mwenyewe kabla ya kuugua, na alipoona hali yake aliomba isisogezwe. Mume alikuwa kijana wa reli, kwao Niemba. Baba, ambaye tangu msiba alikuwa haongei zaidi ya haja, aliniita siku ya pili akasema:

"Ya arusi uangalie weye."

Nikaiangalia. Nilikuwa na daftari nene nililobandika picha nilizokata katika magazeti ya mitindo ya Ulaya, niliyopewa na madame mmoja niliyemshonea. Wengine wangechukua picha moja na kuishona ilivyo, na wengi hufanya hivyo hadi leo. Mimi nilianza na mwili wa mdogo wangu. Ni mfupi, mabega mapana, shingo ndefu. Miaka ile kila bibi arusi wa Kalemie alitaka mikono iliyojaa kama puto, naye pia aliitaka. Aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, kila alipobembeleza.

"Yaya, weka mikono mikubwa. Ile ya rafiki yangu ilijaa mlango."

"Ulimwona rafiki yako, au uliona mikono?"

Akafikiri. "Mikono."

Nikamkatia mikono mirefu iliyobana, na shingo iliyo wazi kwa mbele. Satini niliichagua ya rangi ya maziwa, kwa sababu nyeupe ya chaki juu ya ngozi yetu humfanya mtu aonekane amepakwa unga. Mbele gauni lilianguka bila pambo lolote. Kazi yote niliiweka nyuma, katika marinda yaliyofichwa chini ya kiuno. Akisimama hayaonekani. Akipiga magoti na mtu akayaachia, yanafunguka na kutanda nyuma yake. Watu kanisani humwona bibi arusi mgongo kwa muda mrefu kuliko uso, na hilo mafundi wengi hawajawahi kulifikiria.

Kitambaa cha shela hakikupatikana mjini. Nilinunua chandarua kipya kwa mfanyabiashara wa kutoka Kigoma, nikakichemsha, nikakipitisha katika maji mepesi ya wanga wa muhogo na kukipiga pasi juu yake pakiwa na kitambaa. Ukingoni nikashonea maua madogo ya mabaki ya satini. Mpaka leo hakuna anayejua kuwa ni chandarua, ila nyinyi mnaosoma. Maua ya mkononi nilichagua bogenvilia, ambayo hainyauki kabla ya misa kwisha ikiwa umeikata alfajiri na kuponda mashina. Bwana arusi angevaa abakosti, suti ya koti lisilovaliwa na tai, kama wanaume wote wa Zaire wakati ule. Kwa kuwa hakuna tai, kola yake ndiyo ingekaa karibu na uso wa mke wake, kwa hiyo nilimkataza nyeusi nikamwagiza ya rangi ya majivu.

Kazi hiyo ilinichukua wiki sita. Nilikula, nilipima, nilikata, nililala. Mdogo wangu wakati mwingine alikuwa akisimama katikati ya kupimwa machozi yakimtoka, na mimi nilikuwa nikimwambia asitikisike, kwa sababu ya pini.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinanisumbua. Wasichana watano wa kumsindikiza walileta magauni meupe kila mmoja kutoka kwao, na hakuna meupe mawili yaliyofanana. Palihitajika rangi moja ya kuwaunganisha.

Rangi hiyo ililetwa Alhamisi. Wakwe walikuja na vitu vya mwisho vya mahari: sufuria kubwa, taa, chumvi, kitambaa cha baba cha abakosti. Shangazi wa bwana arusi akaniwekea magotini furushi lililofungwa katika gazeti.

"Hii ni ya mama," akasema.

Nikashukuru. Ndani yake palikuwa na kikwembe, kitenge kizima cha yadi sita, cha buluu iliyoiva chenye pete za manjano. Sijui wengine wangewaza nini. Mimi niliwaza kwamba ni cha mama, na mama hayupo, kwa hiyo hakina mwenyewe. Niliondoka Kalemie nikiwa mtoto wa kubeba maji kwenye arusi za watu, na kule Lubumbashi nilijifunza mengi, lakini hilo halikufundishwa.

Ijumaa asubuhi mdogo wangu alikuwa nyumba ya jirani, wanawake wakimsugua na kumpaka mafuta. Nilikitandaza kikwembe mezani. Nikakata mishipi mitano ya kiunoni, nikiifuata mistari ya pete ili kila msichana awe na pete kamili mbele. Nikakata kitambaa cha meza ya keki, na mafundo ya kupamba viti viwili vya maarusi. Nilipoipiga pasi na kuitundika kwenye kamba, nilisimama mlangoni nikaitazama. Nilikuwa nimepatia.

Saa sita mama mudogo alifika kwa treni kutoka Niemba. Ni mdogo wa mama, anafanana naye sana kwa mgongo. Alishusha unga wake, akanywa maji, akakaa.

"Kikwembe walileta?"

"Kikwembe gani, Mama mudogo?"

"Ya mama yako. Leta niione."

Nikampeleka kwenye kamba. Nilimweleza kuhusu weupe tofauti wa magauni, na jinsi nilivyozifuata pete. Alishika mshipi mmoja kwa vidole viwili.

"Hii njo yenyewe?"

"Njo yenyewe."

"Makasi ilipita humu?"

"Ndiyo."

Akakaa chini palepale, kwenye sakafu. "Mutoto wa ndugu yangu," akasema, "walikufundisha kukata miaka yote ile, na siku ya kufundisha kuuliza weye ulikuwa mugonjwa?"

Ndipo akanieleza, kama mtu anavyomweleza mgeni. Kikwembe cha mama huja kizima kutoka kwa wakwe na hakiguswi na makasi. Siku ya arusi mama anakifunga, anakaa mlangoni, na binti anapiga magoti, anashika pindo lake, kisha analiachia. Hapo ndipo ametoka kwao. Mama akiwa amekufa, mdogo wake anafunga kwa niaba yake. Kwa ajili hiyo alikuwa amepanda treni.

"Nitanunua kingine leo," nikasema. "Sokoni vipo."

"Utanunua na feza yako? Wakwe njo wanaleta, si weye. Ao uende kuwaambia walete tena? Waseme tunakula vikwembe?"

"Basi tufanye bila hicho."

Aliyenijibu ni mdogo wangu, ambaye alikuwa ameingia anang'aa mafuta, amesimama nyuma yetu, ameiona kamba.

"Yaya, sitoke."

"Gauni liko tayari."

"Najua iko tayari. Kesho nikipita mlango ule bila pindo ya mama, nimekimbia nyumba. Hata padri afungishe, nimekimbia. Watoto wangu watasemwa wa mwanamke wa kukimbia." Hakupaza sauti. "Umwambie baba. Mimi sitoke."

Akaingia chumbani na kufunga mlango. Baba aliambiwa. Alivua kofia, akaishika, akaivaa tena, akatutazama mimi na mama mudogo kama watu tunaosubiriwa kutoa jibu.

Ningetakiwa kuhisi kitu, aibu angalau. Nilichofikiria ni kwamba pete zikikatwa katikati zinaweza kurudishwa ikiwa mtu ana subira, na kwamba mjini mtu mwenye subira hiyo na mkono huo ni mimi peke yangu.

Nilishusha kila kitu kwenye kamba. Niliitandaza mishipi, mafundo na kitambaa cha keki sakafuni, nikaipanga kama ilivyokuwa kabla ya makasi. Mashini nikaiacha, kwa maana ingekula kitambaa. Nilishona kwa mkono, mshono wa kulaza, upande wa ndani na wa nje, nikikutanisha pete na nusu yake. Wasichana wa kusindikiza walipokuja kuchukua mishipi yao, niliwaambia waende na magauni yao yalivyo. Mama mudogo alichambua mchele karibu yangu saa zote hizo. Mara moja tu aliniuliza:

"Mama yako ulimuota, tangu afe?"

"Hapana."

"Mimi ananisumbua kila siku. Anauliza chumvi."

Nikacheka kidogo, kwa adabu. Nikaendelea kushona.

Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimemaliza. Yadi sita zilikuwa zimepungua upana wa mishono, lakini kilikuwa kipande kimoja. Ukisimama hatua tatu huoni kitu. Mama mudogo hakusimama hatua tatu. Alifumba macho akapitisha vidole kila mahali, na kila mshono aliukuta.

"Nzuri," akasema. Kisha akanirudishia. "Lakini mimi siifunge. Mikono yangu haikukata. Weye njo mukubwa kwa mama yako. Aliyekata, afunge."

"Sawa. Nitaifunga, halafu nibadilishe nguo twende kanisani."

"Kanisani kufanya nini?"

"Kumpanga shela. Marinda pia, lazima mtu ayafungue anapopiga magoti."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa mpole. "Mama, anayefunga kikwembe hafuate binti. Anabakia nyumbani. Mama akifuata, amemurudisha."

Nikamwambia hakuna mwingine anayejua kulipanga shela lile. Wiki sita, nikamwambia. Mji mzima utakuwa pale.

"Njo vile," akasema.

Niliugonga mlango wa mdogo wangu nikamwambia kikwembe kimekuwa kizima na nitakifunga mimi. Akafungua. Alikishika, akatafuta mishono kwa macho, akapata miwili. Akaniuliza, "Na utabakia?"

"Nitabakia."

"Basi nitatoka."

Jumamosi nilimvalisha kuanzia saa kumi na mbili. Vifungo vya mgongoni vilikuwa ishirini na viwili na nilivifunga vyote bila haraka. Nilimwonyesha mama mudogo jinsi ya kuyashika marinda na kuyaachia. Alijaribu mara mbili, akakosea mara mbili, akasema amekwisha kujua. Kisha nikafunga kikwembe, ncha moja kiunoni na nyingine mabegani, nikakaa kwenye mkeka mlangoni. Baba alisimama nje amevaa kofia yake.

Mdogo wangu alipiga magoti. Mama mudogo aliyaachia marinda nyuma yake, lakini kutoka pale nilipokaa yalikuwa upande wa pili, sikuyaona. Alishika pindo. Nilisema maneno niliyofundishwa jana yake, kwamba nyumba hii imekuona ukitoka, kwamba hujafukuzwa wala hujakimbia, nenda. Niliyasema kwa mpangilio na sikusahau lolote. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa sababu ya mashina ya maua. Aliachia pindo, akainuka, wakaanza kuimba, wakaondoka.

Nilisikia nyimbo zikiteremka barabara hadi upepo wa ziwani ukazichukua. Nyumba ilibaki na mimi na sufuria. Walipita wanawake wawili watatu wazee, wakanisalimu "Mama wa bibi arusi, pole na hongera," nami niliitika kama inavyopaswa. Nilikaa vizuri ili kikwembe kisikunjike. Saa ya kuingia kanisani niliijua kwa kengele. Saa ya kupiga magoti niliikadiria.

Jioni mama mudogo alirudi na viatu mkononi. Alisema mdogo wangu alikuwa mzuri, kwamba wakwe walisimama kumtazama, kwamba mke wa mkubwa mmoja wa ofisi aliuliza shela lilitoka nchi gani. Nikamwuliza kuhusu marinda, kama yalitanda sawa alipopiga magoti.

"Marinda?" Akakaa, akajisugua mguu. "Nilisahau kuachia. Alikuwa analia, nikamushika mabega."

"Kanisani hakuna aliyeyaona?"

"Hakuna."

Nikasema sawa. Nilifungua fundo la kiunoni, lililokuwa limelegea kwa kukaa, nikalifunga upya, nikaenda kumchemshia maji ya miguu.