Amplifaya Niliyomchagulia Tata

Muuza redio wa mjini Bukoba hakuulizi unapenda kusikiliza nini. Anakuuliza una baa au una ukumbi. Ukimwambia una sebule tu, tena ya baba yako, tena kijijini Kamachumu, anakutazama kama mtu aliyeomba kuuziwa nusu yai, halafu anakuwashia sabufa yenye taa za kijani na nyekundu na kuifungulia mpaka vioo vya kabati vinalia. "Unausikia mziki huo, mwalimu?" Nausikia. Hata waliozikwa wanausikia. Siku ile tulipita maduka matatu, na katika yote nilikuta besi ileile na muuzaji yuleyule mwenye sura tofauti. Debe tupu haliachi kuvuma, na wao walikuwa wanauza madebe kwa bei ya ng'ombe.

Nieleze kwanza tulifikaje huko. Baba yetu, ambaye sisi tunamwita Tata, alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia kwa muda mrefu kuliko padre yeyote aliyepita pale. Ana spika mbili za mbao zinazofika kiunoni, alizozinunua enzi kahawa inalipa, na kaseti moja ya kwaya yake iliyorekodiwa siku ya jubilei. Katika kaseti hiyo mama, ambaye sasa ni marehemu, anaimba beti zote peke yake, na wanaume wa sauti ya nne wanamsindikiza kwa kuguna chini. Amplifaya ya zamani iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Nikaihamishia kaseti kwenye flashi, nikamwekea na kwenye simu. Aliishika simu sikioni, akanirudishia.

"Humu simsikii," alisema.

Masikio yake yanaondoka, na daktari alishatuambia hayatarudi. Analisikia lori likipanda mlima, hamsikii mjukuu anayemwita kutoka mlangoni. Kile kifaa cha kuvaa sikioni alikivaa siku mbili, akakirudisha kwenye kiboksi chake. Alichotaka ni kimoja, na alikisema mbele yetu wote siku ya Krismasi: "Nataka kumsikia mama yenu kabla sijaziba kabisa."

Watoto tukachanga. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alitoa sehemu kubwa, na kwa kuwa alitoa sehemu kubwa akajipa na masikio. Alisema halipii kitu ambacho hajakisikia. Nimpigie simu ya video, kila mashine iwashwe, yeye atasema ipi. Natamani ningekuwa natia chumvi. Mtu yuko safari ya siku nzima na zaidi, anasikiliza amplifaya kupitia kitundu cha simu kilicho kidogo kuliko punje ya mtama, na ndiye anayechagua! Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu hakuwepo, na lake ndilo pekee lililokuwepo.

Mimi nilikuwa na sharti langu: spika za Tata ziende mjini. Ukijaribu amplifaya kwa spika za muuzaji, umejaribu spika za muuzaji. Nilikodi gari dogo, tukazilaza kiti cha nyuma juu ya blanketi, Tata akakaa mbele na koti lake la Jumapili. Watu walicheka tulipozishusha. Mmoja akauliza kama tunahamisha makabati. Nikamjibu kwamba nimezoea kufundisha watu wa aina yake na wengi hufeli.

Mashine iliyompendeza kaka ilikuwa katika duka la tatu, nyeusi, nzito, ina vitufe vingi kuliko kazi. Muuzaji alimkalisha Tata kwenye benchi la mbao karibu kabisa na spika zetu, kisha hakumtazama tena. Tata alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, akamnyooshea kama anavyofanya kwa yeyote anayemkaribisha kiti. Jamaa aliiweka juu ya kaunta bila kuifungua, akaichukua simu mkononi mwangu na kuanza kuzungumza na kaka.

"Bosi, hii ni nguvu tupu. Ngoja uione kazi."

"Fungulia besi," kaka alisema.

Akaifungulia. Kwaya ya parokia ikageuka mashine ya kusaga. Sauti ya nne ilivimba ikawafunika wote, na mama akazama humo nisimwone hata unywele. Benchi alilokalia Tata lilikuwa linatetemeka. Alikuwa amefumba macho, na mimi nilijua kwamba anavumilia.

"Hiyohiyo!" kaka alipiga kelele kwenye simu. "Chukua hiyo."

"Hili ni debe," nilimwambia. "Mama hasikiki kabisa."

"Dada, acha mambo ya vitabuni. Mzee hasikii, anahitaji kitu chenye nguvu."

"Wewe uko Dar. Unasikia nini huko?"

"Nasikia pesa yangu ikichezewa."

Muuzaji akacheka. Alicheka na simu yangu ikiwa mkononi mwake, akimwonyesha kaka meno yake yote. Nilimnyang'anya simu, nikachomoa nyaya mwenyewe, nikamwinamia Tata. "Tata, tunaondoka. Hii si nzuri." Sikumuuliza, nilimwambia. Alifumbua macho taratibu, akanitazama, akamtazama muuzaji.

"Kasinge waitu," alimshukuru, kwa heshima ambayo yule mtu hakustahili hata robo yake, akainuka.

Mtaa wa nyuma kuna fundi redio ambaye hasemi sana, na kwa siku ile hilo peke yake lilitosha kunifanya nimpende. Alikuwa na amplifaya ya mtumba, ndogo, rangi ya fedha iliyochubuka pembeni, ina vitufe viwili tu vya kuzungusha. Aliifungua kifuniko akanionyesha alichobadilisha ndani, akaunganisha spika zetu, akarudi nyuma. Na mama akaanza.

Jamani! Alivuta pumzi kabla ya neno la kwanza, na ile pumzi niliisikia. Nilisikia mahali anapolikata neno mapema, kosa ambalo Tata alimgombezea miaka yote na hakuliacha. Mimi niliimba sauti ya pili katika kwaya ileile, na masikio yangu ndiyo kitu ninachojivunia bila aibu. Nilijua tumefika. Kaka akasema kwenye simu kwamba haina nguvu, kwamba hasikii kitu. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikaizima simu.

"Nzuri, Tata?" nilimuuliza, noti zikiwa tayari mkononi mwa fundi.

"Nzuri, mwana wange," alisema.

Njia nzima ya kurudi Kamachumu nilikuwa bado namgombeza kaka kichwani. Nilimtungia majibu, nikayanoa, nikayarudia. Kwamba pesa hainunui masikio. Kwamba angekuja mwenyewe akae kwenye lile benchi. Tata alikuwa kimya pembeni ya dereva, na ukimya wake niliuhesabu upande wangu.

Tulifika jua bado kali. Nikazirudisha spika mahali pake, pande mbili za picha ya Moyo Mtakatifu, nikamkalisha Tata kwenye kiti chake, nikaongeza sauti mpaka alama ambayo fundi alinikataza kuivuka. Kwaya ikaingia. Wanaume wakaguna kwa mbali, safi kabisa, na mama akavuta pumzi. Nililia, na sioni haya kusema. Alikuwa pale katikati ya spika mbili, kama aliyetoka jikoni mara moja kutuimbia kabla chungu hakijachemka. Nikageuka nimwone Tata anavyofurahi.

Alikuwa ananitazama mimi. Kiganja chake kilikuwa juu ya spika ya kushoto, kimefunguka, kinahama polepole juu ya ubao kikitafuta, na macho yake yalikuwa usoni kwangu.

"Ameshaanza?" aliniuliza.

Mama alikuwa katikati ya ubeti.

Nilipiga magoti karibu na kiti, nikamsemea sikioni. Nikamwambia ndiyo, Tata, anaimba, ndiye huyo. Nikamuuliza mbona kwa fundi alisema ni nzuri.

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Nikajua ni nzuri."

"Na ile ya dukani? Ile kubwa?"

Hapo uso wake ukachangamka. "Aa, ile niliisikia! Sauti ya nne ilinipiga hapa." Akajigusa kifuani. "Na kwenye benchi, na miguuni. Wale wanaume niliwafundisha mwenyewe, mwana wange, kila noti. Nikijua wao wamefika wapi, najua na mama yenu yuko wapi. Nikangoja, akavuta pumzi, akaingia. Nilimsikia vizuri sana. Halafu mkazima."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnagombana, wewe na kaka yako."

Nilitafuta wa kumkasirikia. Kaka, ambaye kwa masikio yake ya simu alikuwa amepatia. Muuzaji na meno yake. Fundi, ambaye angeweza kufumbua mdomo akamuuliza mzee. Niliwapitia mmoja mmoja, na kila niliyemshika alinitoka mikononi, mpaka nikabaki na mtu mmoja, mwalimu mwenye masikio mazuri. Nilitamani Tata anigombeze, kama alivyokuwa akitugombeza mazoezini, kijiti cha kuongozea kikigonga meza. Ningejua la kujibu.

Hakunigombeza. Aliniangalia nikijifuta machozi, akadhani wimbo umekwisha. Alinyoosha mkono akaizima mashine, mama akiwa ndiyo kwanza anaingia ubeti wa mwisho, akaniuliza kama nimekula.