Aliyepiga Gitaa Lile

Pale redioni walimwita Masikio, na jina alilipenda. Kazi yake ilikuwa mitambo, lakini sifa aliipatia kwenye kipindi cha nyimbo za zamani. Ukimwekea santuri ambayo jalada lake limemtaja mwimbaji peke yake, atatega sikio, kisha atakwambia nani alikodiwa kupiga gitaa na nani besi.

Ndivyo alivyomfuata fundi cherehani mmoja, mzee wa watu, aliyekuwa akikodiwa studio enzi za ujana wake.

"Gitaa la wimbo huu ni lako, mzee."

"Nilipiga nyingi, mwanangu. Huu siukumbuki."

"Ni wewe bwana! Masikio haya hayanidanganyi."

Mzee akacheka, akakubali. Ikatangazwa. Wateja wakaja kumpa mkono, na mwanawe wa kiume, ambaye walikuwa hawasemeshani, akarudi nyumbani na gitaa jipya begani.

Baadaye Masikio akaupata utepe wenyewe wa studio. Kabla wimbo haujaanza, mtu alisikika akisema, "Dada, ongeza gitaa kidogo." Mwanamke akaitika, "Haya," na lile gitaa likaanza kutiririka.

Kwa muda akawa anaukwepa mtaa wa fundi kama mdaiwa sugu. Mwishowe akajikaza, akaenda, akamsikilizisha. Mguu wa mzee ukatulia juu ya kikanyagio cha cherehani.

"Huyo ni yule nesi tuliyekuwa tukikodiwa naye studio. Anakaa nyuma ya zahanati."

"Nisamehe, baba."

"Nilikwambia sikumbuki. Wewe ndiye uliyenikumbusha."

Wakaenda pamoja. Nesi, sasa mstaafu, alikuwa anaanua nguo. Alipoelezwa alisema tu, "Kipindi nilikisikia. Nikazima redio." Akaendelea kukunja shuka. Masikio alitafuta pa kuweka macho, asipaone.

"Nitasahihisha hewani, mama."

"Hapana," fundi akadakia. "Nitasema mimi. Sifa nilizila mimi."

Kipindi kilichofuata mzee alikaa mbele ya kipaza sauti, akamtaja dada yule kwa jina lake kamili, akasema gitaa lile alilipiga dada huyo, si yeye. Nyuma ya kioo, Masikio hakuthubutu kuinua kichwa.

Simu zikamiminika, watu wakitaka nesi aletwe apige. Mzee alipotoka, Masikio alimnyooshea mkono. Mzee hakuupokea, labda hakuuona. Alishika bega la mwanawe aliyekuwa akimngoja, wakashuka ngazi taratibu, wala hakugeuka.