Kuze Hakuna Mwenye Moyo Mbovu

Sidi Jefwa alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minane, na katika muda huo alijifunza kuwadharau watu wa aina moja tu: wanaojifanya wazima kwa ajili ya majirani. Mwaka 1996 zahanati moja ya Makadara ilimtuma mtaa wa Kuze, nyumba kwa nyumba, awashike mshipa wa mkono wote waliopita miaka hamsini. Madaktari walitaka kujua, katika kila wazee mia, ni wangapi ambao moyo wao hupiga bila mpango. Baada ya wiki mbili alikuwa amepima sitini na wawili. Wabovu: hakuna hata mmoja.

Ama Kuze ilikuwa peponi, ama ilikuwa ikimchezea. Jibu alilijua. Kila nyumba yenye binti wa kuozwa ilimtolea wazima wake, kama muuza matunda apangavyo maembe mazuri juu. Wagonjwa waliambiwa wakae orofani, wanyamaze. Moyo wa bibi ukijulikana ni mbovu, ukoo mzima hutiwa doa, na posa hurudi ilikotoka.

Kwa Badawi, muuza vitambaa, posa ya binti yake Umaima ilikuwa ijibiwe Ijumaa.

"Mama yako, Bi Mwanarusi, yuko wapi?" Sidi aliuliza.

"Amekwenda Lamu."

Juu, mtu akakohoa.

"Lamu imesogea siku hizi," Sidi alisema.

"Sista, umekuja kupima au kupeleleza? Nipime mimi! Miaka hamsini na minne, sijameza hata kidonge cha kichwa. Kisha uandike: nyumba hii hamna mgonjwa."

Akanyoosha mkono kama atoaye sadaka. Sidi akaitazama saa yake dakika nzima. Pigo, pigo, kimya, mawili ya haraka, kimya kirefu. Akarudia dakika ya pili, maana dharau haikuwa ruhusa ya kukosea.

"Mbovu ni wako, Mzee Badawi. Nenda hospitali, ukapimwe kwa mashine."

"Futa."

"Sifuti."

"Futa, nakwambia! Ijumaa wanakuja watu!"

Ngazi za mbao zikalia. Bi Mwanarusi akateremka akishika ukuta, akaketi, akatoa mkono wake.

"Nishachoka kukaa Lamu," alisema. "Andika na wangu, mwanangu. Kama hao wanaposa mishipa, na waende buchani."

Sidi akapima, akaandika: sitini na wanne, wabovu wawili. Badawi alikuwa ameshainuka, anafunga dirisha la njiani.