Mwanzi wa Sivapakiam

Kwetu kwenye mashamba ya chai, huku milimani Sri Lanka, televisheni ilikuwa moja tu, ya nyapara Arulappan. Ijumaa jioni filamu ya Kitamil ilipoanza, sisi wachumaji tulisimama nje ya dirisha lake tukichungulia. Siku moja, filamu ilipofika patamu, mkewe akavuta pazia.

"Mnapumua sana," akasema. "Kioo changu kinaingia ukungu."

Mwenzetu Sivapakiam akageuka akaenda zake nyumbani, na hilo lilitushangaza. Alikuwa mfupi, mchumaji hodari, mwenye mdomo uliomtisha hata mumewe, Periyannan. Safari iliyofuata ya mjini alirudi na televisheni kuukuu kichwani, imeviringishwa kwenye sari, na antena kwapani.

Lakini milima ilizuia mawimbi. Ndani picha ilikuwa chenga tupu. Periyannan akapanda juu ya paa, na kabla hajakaza waya nyapara akatokea.

"Shuka! Bati hilo la kampuni."

Periyannan akashuka mbio. Sivapakiam akaenda bondeni, akakata mwanzi mrefu, akaufungia antena nchani na kuuchimbia kwenye bustani yake ya maharage. Kesho yake jioni nyapara akarudi.

"Ardhi nayo ya kampuni. Ng'oa."

"Na maharage je, bwana nyapara? Nayo ya kampuni?"

"Usinijibu, mama. Ng'oa!"

Akang'oa. Kisha akausimamisha ule mwanzi begani mwake, katikati ya uwanja. Ndani Periyannan akapiga kelele, "Hapohapo! Inaonekana!"

"Unafanya nini wewe?" nyapara akafoka.

"Nimeshika mwanzi."

"Weka chini!"

"Bati lenu, sawa. Ardhi yenu, sawa." Akamnyooshea mkono, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. "Mkono huu ni wenu mpaka kengele ya kutoka kazini ilie. Imeshalia."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nyapara akaondoka akitukana.

Mvua ikashuka. Watu walijaa chumbani mwa Sivapakiam wakitazama, naye yuko nje, maji yanamtiririka shingoni. Periyannan akatoka.

"Ingia ndani, mke wangu. Huyu nyapara atatuponza."

"Nani kakuita? Katazame, uje unihadithie."

Jirani yake Rasamani hakuweza kuvumilia. "Lete nishike mimi, dada. Nawe kaone." Tangu hapo tukawa tunapokezana.

Nyapara akalipiza. Akampeleka Sivapakiam peke yake kuchuma kwenye mteremko mbaya kuliko yote, wenye ruba wa kumnyonya ng'ombe damu yote. Asubuhi iliyofuata wanawake wote tukabeba matenga yetu, tukamfuata hukohuko.

"Nani kawatuma huku?" nyapara akauliza.

"Tumepapenda," Rasamani akajibu. "Kuna upepo mzuri."

Kwingine chai ikabaki ikikomaa bila mchumaji. Meneja akaanza kuuliza maswali, na maswali yote yalimwangukia Arulappan. Akaturudisha sote mahali petu, Sivapakiam akiwamo. Jioni hiyohiyo Sivapakiam akachukua jembe, akauchimbia mwanzi tena katikati ya maharage, nyapara akiwa amesimama palepale njiani. Alimtazama, akakohoa, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Sivapakiam aliketi sakafuni, mbele kabisa, chapati ya nazi mkononi. Alimgombeza shujaa wa filamu kwa woga wake mpaka tukamsihi anyamaze tusikie.

"Nendeni dirishani kwa Arulappan," akasema. "Kwangu sinyamazi."