Sekunde mbili za simu ya setilaiti zilivyonigombanisha na baba mkwe (Likasi, 1995)

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na hapo ndipo shida ilinikuta. Nitasema kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha minye mwenyewe. Anayetafuta hadithi tamu apite uzi mwingine.

Shule niliacha darasa la tatu. Kiswahili changu ni cha Katanga, huku Kongo, "minye" ni mimi. Atakayecheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Kilichonifanya niandike ni nyinyi vijana. Juma zima nawasoma humu mnalia na visahani vyenu vya intaneti ya setilaiti, vile vya kubeba safarini. "Imekatika sekunde tano." "Video inaganda nikiwa porini."

Jamani! Uko porini, unaangalia mpira, na bado unalia?

Minye nilisafiri na setilaiti wakati wengi wenu hamjazaliwa. Kaeni.

Nilikuwa shofere, dereva, wa kampuni ya mine, yaani migodi, hapa Likasi. Mshahara ulianza kuchelewa mwezi, kisha miezi, kisha ukawa habari ya kusimuliwa. Kiwanda kikawa kinanyamaza kipande kipande. Watu waliozoea kupewa unga na kampuni wakaanza kulima mihogo kando ya reli.

Halafu likaja jambo baya kuliko njaa.

Mke wangu Ngalula ni mtu wa Kasai. Baba yake aliletwa Likasi akiwa kijana, akafanya kazi ya mine mpaka akawa kapita, yaani msimamizi wa kundi. Watoto wote aliwazalia hapa. Wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, familia yao ililala gare, kituo cha treni, majuma mengi, juu ya saruji, mvua inawanyeshea, wakingoja treni. Ngalula alienda nao, pamoja na watoto wetu watatu. Majirani walishaanza kurusha mawe kwenye bati letu.

Baba yangu minye ni Musanga, mtu wa hapahapa. Kwa hiyo nilibaki "kulinda nyumba". Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Miaka miwili ikapita.

Mtaniuliza, mbona hukupiga simu? Simu za mji zilikuwa zimekufa, nyaya zimeibwa. Kulikuwa na phonie, ile redio ya kuongea kwa zamu. Unasema yako, unamaliza na "à vous", ndipo mwenzako anajibu. Na mtaa mzima umejaa mlangoni unasikiliza. Mambo ya ndoa utayasemea pale?

Kiangazi cha 1995 mfanyabiashara wa mahindi akaniletea barua ya Ngalula kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Fupi. "Baba anasema, kama husemi naye kwa kinywa chako kabla ya mvua, anarudisha mahari. Kuna mtu wa almasi anauliza habari zangu. Mwepu, fanya kitu."

Mahari ikirudi, ndoa imekwisha. Watoto wanabaki kule. Nilisoma ile barua nikakaa chini, wakuu.

Wakati huo nilikuwa namwendesha mzungu mmoja mnunuzi wa madini. Patron huyu alisafiri na valizi, sanduku jeusi la safari, nzito kama mtoto wa miaka mitano. Ndani ni simu ya setilaiti. Kifuniko chenyewe ndicho antena: unakifungua, unakielekeza mbinguni, unakisogeza kidogo kidogo mpaka vitaa viwake. Mwenzake aliyenunua almasi Mwene-Ditu alikuwa na nyingine kama hiyo.

Nilimwomba. Akakubali, maana lori lake bila minye lisingetembea. Akampigia mwenzake wakapanga: Jumamosi, saa nne asubuhi, baba mkwe angekaa kwenye ofisi ya yule mwenzake.

Ijumaa patron akasema kesho tunaenda Kolwezi.

"Patron, na simu yangu?"

"Utapigia njiani. Si ndiyo sababu inabebwa?"

Haya.

Jumamosi, baada ya njia panda ya kwenda Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani, tukakuta bariyeri, kizuizi cha barabarani. Askari mmoja, viatu viwili tofauti.

"Fungua hiyo."

Nikafungua.

"Hii njo mashini ya kutafuta mawe ya Shinkolobwe."

"Shefu, ni telefone."

"Telefone iko na kamba. Kamba iko wapi?"

"Hii haitaki kamba."

Akafikiri. "Basi uniitie mama yangu. Iko Kikwit."

"Mama yako iko na telefone?"

"Hapana."

"Sasa, shefu?"

"Shi umesema haitaki kamba!"

Mbele ya hoja hiyo nilishindwa. Saa nzima ilikwenda pale, mpaka patron akatoa pakiti ya sigara na kofia yake ya jua.

Tukakimbia. Mbele ya Nguba ni miti tu, na setilaiti haipendi miti. Nilisimamisha lori mara tatu. Mara ya kwanza matawi. Mara ya pili kilima. Mara ya tatu nikapata uwazi mahali walipochoma makaa, nikapanda juu ya lori na valizi yangu.

Betri inaonyesha alama moja. Patron alikuwa ameongea nayo jana yake mchana kutwa, hakuichaji. Na tundu la umeme la lori lilikufa tangu mwaka uliotangulia. Yeye amelala kwenye kabini, mdomo wazi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye ufundi. Sauti yangu ilipanda mpaka setilaiti, ikashuka kituo huko Ulaya, ikapanda tena, ikashuka Mwene-Ditu. Jibu likarudi njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukisema neno, unangoja karibu sekunde mbili. Hilo nilielezwa baadaye. Siku ile hakuna aliyeniambia kitu.

"Allo, Baba. Ni minye, Mwepu."

Kimya.

"Allo, Baba?"

Sauti yake ikaja juu ya yangu, tukabanana kama mbuzi mlangoni.

"Weye, unanikatiza?"

"Hapana, Baba, mi..."

"Tena unanikatiza! Nyamaza. Nitauliza, utajibu. Mutoto yangu, ungali unamutaka?"

"Ndiyo, Baba!" Nilijibu hata hajafunga kinywa.

Kimya. Halafu nikamsikia anawaambia waliokuwa naye chumbani: "Mumesikia? Anawaza! Muntu anaulizwa juu ya bibi yake, anawaza kwanza!"

"Sijawaza! Ni mashini inachelewesha!"

"Mashini njo ilimuoa?"

Nilitaka kuitupa valizi porini. Nikapata wazo.

"Baba, uniulize jina langu."

"Nini?"

"Uniulize tu."

"Jina yako nani?"

"Mwepu!"

Kimya kilekile.

"Umeona, Baba? Kuna muntu anawaza jina lake?"

"Muongo anawaza hata jina yake."

Chumba chote kikacheka. Na katikati ya kile kicheko nikamsikia Ngalula. Miaka miwili sijasikia kicheko hicho. Nilishika simu kwa mikono yote miwili.

Ndipo mzee akashusha sauti.

"Mwepu. Siku ile tulipanda treni, weye ulikuwa wapi?"

Wakuu, hapa mashini haikuwa na kosa. Sekunde mbili zikapita. Tano. Kumi. Setilaiti ilikuwa inangoja na Mwene-Ditu inangoja. Minye ndiye niliyenyamaza.

Taa ya betri ikawa nyekundu, kitu kikapiga kelele ndani, na valizi ikafa.

Patron akaamka. "Imeenda vizuri?"

Nikamwambia tugeuze lori turudi Likasi, naenda kupanda treni. Akasema tunaenda Kolwezi. Nikamwekea ufunguo kwenye goti lake. Aliniita mjinga kwa lugha tatu, na sijui alitokaje pale. Minye nilimsaidia muuza makaa mmoja aliyekuwa akipita kusukuma baisikeli yake mpaka mjini, tukafika miguu imevimba.

Treni ya Kasai ilinifikisha Mwene-Ditu siku ya kumi na saba tangu ile simu. Mashine iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika. Tulilala juu ya mabehewa. Na nilikuwa mtu wa Katanga ninayekwenda kule kwa wale tuliowafukuza, sina hata karatasi ya ruhusa mkononi. Kila nilipoulizwa kabila nilisema minye ni shofere.

Baba mkwe nilimkuta nje, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakunisalimu. Sikukaa.

Nikasema: "Baba, siku ile nilikuwa ndani ya nyumba. Nilifunga mlango, nikatia komeo. Niliisikia treni ikilia. Niliogopa majirani wasinione niko pamoja na nyinyi."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

"Ile tulijua," akasema. "Bibi yako aliangalia ile barabara mpaka treni ikaondoka."



"Nilitaka uiseme weye. Kama hauisemi, nikikupa batoto, siku ingine wakirusha mawe utafunga tena mulango, na batoto wako inje."

"Ndiyo, Baba."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, ningefunga. Sasa siwezi."

Aliniangalia muda mrefu, mrefu kuliko setilaiti yoyote. Halafu akageukia nyumba.

"Ngalula! Leta kiti. Bwana yako amechoka."

Akatoka na kiti. Amekonda, kitambaa kichwani, mtoto wetu wa mwisho kamshika nguo na hanijui. Akaweka kiti, akasema: "Siku kumi na saba! Ile mashini ilikuwa na haraka kuliko weye." Akaingia ndani kulia, nikamsikia.

Mtu wa almasi aliambiwa aende zake. Tulirudi Likasi mwaka uliofuata. Majirani wengine walinuna. Safari hii mlango niliuacha wazi.

Sasa funzo langu, na ninalisema kwa ukali maana mnanichosha.

Ukisafiri na chombo cha setilaiti, kichaji mwenyewe, usimwachie bosi. Tafuta uwazi kabla ya saa ya miadi, usingoje saa ifike ndipo uanze kugombana na miti. Mweleze mapema wa upande wa pili kwamba sauti inachelewa, hasa akiwa mkwe. Na kama ulichoulizwa kinakutia aibu, usiisingizie network. Panda gari uende.

Kisahani chako kikikatika sekunde tano, kunywa maji.

Waliowahi kubeba zile valizi, au kukaa kwenye phonie wakasikiwa na mtaa mzima, semeni na nyinyi. Na watu wa Kasai mlio humu, mliolala gare ya Likasi, minye nitawasoma hata mkinitukana.

Msije mkasema nawafundisha maskini. Leo niko na hivi:

Malori mawili, moja linatembea.
Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano, Likasi.
Mashine ya kusaga mahindi.
Shamba upande wa Buluo.
Kisahani kimoja cha setilaiti juu ya lori, kinakatika kama vyenu.
Na kofia ya kazi ya baba mkwe, ile ya ukapita. Alipokufa aliniachia minye, na alikuwa na watoto wanne wa kiume.